Mpishi Asiyetaka Sifa

Mtu akimaliza kula, Mpishi hakumtazama usoni. Alisubiri sahani irudi jikoni, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, akaisoma. Mchuzi uliobaki ukingoni, wali uliosukumwa pembeni, mfupa uliotafunwa mpaka ukawa mweupe au ulioachwa na nyama yake, vyote vilimwambia jambo. "Mdomo una adabu," alikuwa akisema, "sahani haina." Kwa hiyo tulipomwambia, "Mpishi, leo umepika!" hakujibu. Aliendelea na sahani yake.

Nilimjua kwa zaidi ya miaka kumi, na katika miaka hiyo nilikula chakula chake mara nyingi kuliko nilivyopata kula cha mama yangu. Alikozaliwa na ukoo wake sivijui. Sikuuliza, naye hakuwa mtu wa kujieleza. Nitaandika ninachokijua, na nitaandika pia nilichomfanyia, kwa sababu nikikiacha, picha yake itakuwa ya uongo na yangu itapendeza kuliko ninavyostahili.

Hoteli yake ilikuwa Temeke, nyuma ya soko, nyumba ya udongo yenye bati, mabenchi sita na meza tatu ndefu. Aliosha meza kwa majivu na ndimu. Walikula pale mafundi, wachonga vinyago kutoka kusini, wafanyakazi wa viwanda vya Chang'ombe na makarani kama mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na siku zile mtu wa kidato cha nne alitembea kama aliyemeza mwenge. Nilifanya kazi katika shirika moja la umma. Jumamosi mchana, mimi na wenzangu wawili wa ofisini tulizunguka hoteli za Magomeni, Kinondoni na Keko, tukizipa alama kama walimu wanaosahihisha mitihani. Chakula kumi, huduma kumi, usafi kumi. Tulijiona wataalamu. Hoteli moja tuliinyima alama zote za huduma kwa sababu mhudumu alipiga miayo.

Siku yangu ya kwanza kwa Mpishi nilipiga vidole kumwita mhudumu. Mhudumu hakuja. Nikapiga tena. Akatoka Mpishi mwenyewe, kifua wazi, mwiko mkononi.

"Umepoteza paka?"

"Nataka kuhudumiwa, ndugu."

"Hapa vidole ni vya kulia. Mwite mtu kwa kinywa, atakuja."

Watu wakacheka. Chakula kilipokuja, wali na mchuzi wa samaki changu, nikanyoosha mkono kwenye kikopo cha chumvi kabla ya kuonja. Kikopo kikaondolewa mbele yangu.

"Onja kwanza," alisema. "Ukiona chumvi haitoshi, niite mwongo mbele ya watu hawa."

Nilionja. Chumvi ilitosha. Nikampa kumi juu ya kumi kimoyomoyo, na kesho yake nikarudi peke yangu.

Mhudumu wake alikuwa naye tangu hoteli ina benchi moja. Alikuwa mwembamba, mcheshi, hana daftari wala kalamu. Alipokea maombi ya meza tatu, kisha akayatupa jikoni kwa wimbo: "Wali mbili, mchuzi pembeni! Supu moja, ndimu nyingi, pilipili ikae mbali! Chai ya Karani, tangawizi isilale!" Kila kitu kilikuja kama kilivyoombwa. Ukimuuliza anakumbukaje, alisema, "Sikumbuki, kaka. Nawatazama mlivyokaa." Mpishi alimkaripia kutwa nzima. "Wewe miguu yako imeazimwa?" "Hicho kikombe umekishika kama unamshika mgonjwa!" Lakini sahani ya kwanza ya kila chungu, kabla ya mteja yeyote, ilikuwa ya Mhudumu. Alipewa akala amesimama mlangoni mwa jikoni, na Mpishi alisubiri sahani irudi. Mhudumu akiacha kitu, chungu kilirudi motoni. Hiyo ndiyo imani aliyokuwa nayo kwa mtu yule, na nawaomba mnaosoma mlishike hilo.

Yeye mwenyewe hakula alichopika. Saa kumi jioni, tukiwa tumeshiba, alikaa juu ya gogo akala ugali wa baridi na dagaa, taratibu, kama mtu anayetimiza adhabu. Nilimuuliza kwa nini. "Nikikipenda nitakiharibu," alisema. Sikuelewa, na sina hakika kama nimeelewa hata leo.

Mwezi wa Ramadhani aliteremsha pazia la gunia mlangoni ili wasiofunga wale bila kutazamwa. Naye akiwa amefunga aliwapikia, akapima chumvi kwa mvuke. Aliinamia chungu, akafumba macho, akanusa, akasema, "Bado chembe." Mchonga vinyago mmoja aliwahi kumtania: "Mpishi, pua yako imefungua!" Alicheka mpaka akaketi. Ni mara chache nilimwona akicheka.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba aliuamini Ujamaa kwa moyo mmoja, kuliko sisi tuliosomeshwa siasa darasani. Siku za kujitolea kuchimba mitaro mtaani, alibeba chungu kikubwa kichwani akatupikia uji. "Ujamaa ni chungu kimoja," alisema. "Lakini ndani ya chungu lazima kuwe na kitu." Mikutano ya tawi hakukosa hata mmoja. Alikaa nyuma, kofia magotini, akasikiliza hotuba dhidi ya walanguzi na akapiga makofi. Kumbe chini ya kitanda chake, katika kichumba cha nyuma ya jikoni, alikuwa na gunia la mchele, nusu gunia la sukari na debe la samli.

Hiyo ilikuwa miaka ile ya baada ya vita, miaka ya foleni. Mliokuwepo mnaikumbuka. Sabuni hakuna, sukari hakuna, mchele hakuna, unga ni wa njano na unanuka meli. Hoteli nyingi zilifungwa, na zilizobaki ziliuza maji ya moto yenye rangi na kuyaita chai. Mpishi hakukubali. Mchele aliletewa na jamaa zake wa Rufiji, vifurushi vidogo vidogo ndani ya mikeka. Sukari sikuwahi kujua ilitoka wapi. Hakuiuza hata kijiko. Yote iliingia chunguni na vikombeni mwetu, kwa bei ileile ya siku zote. Lakini kwa sheria ya siku zile aliyeficha ni mfichaji, na hakuna aliyeulizwa alimfichia nani.

Wateja tulijua, si mahali palipofichwa bali kwamba pana kitu. Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ambayo sijaiona mahali pengine. Hakuna aliyetuita tukapatana. Mgeni akiuliza, "Jamani, pale mnapokula pakoje?" jibu lilikuwa moja: "Aa, pabovu tu. Tunakwenda kwa shida." Mchonga vinyago aliongeza kwamba aliwahi kukuta msumari kwenye maharage. Mwingine alisema chai ya pale inafaa kuoshea madirisha. Mhudumu ndiye aliyekuwa bingwa. Mtu asiyejulikana akichungulia mlangoni, alimpokea kwa huzuni: "Karibu, ndugu, ila leo tuna ugali wa njano uliolala na mchicha. Utaweza?" Mtu alikwenda zake, na ndani sisi tulikunywa chai tamu yenye iliki, kimya, vichwa chini. Kumtukana Mpishi kulikuwa ndiyo namna ya kumlinda. Naye alifurahi. "Nisemeni vibaya," alisema, "nipate kuwapikia vizuri."

Mimi peke yangu nilikuwa naumia. Naweza kulisema sasa. Nilijiona mtu mwenye ulimi unaojua, na iliniuma kuitukana pilau ile. Nilikuwa na jambo zuri kuliko wenzangu wa ofisini na sikuruhusiwa kulionyesha.

Mwaka huohuo nilishikwa na homa nikiwa pale mezani. Nilitetemeka hata kikombe kikamwagika. Mpishi alinibeba mgongoni, akanilaza kwenye kitanda chake cha kamba, akanifunika kwa kanzu yake ya Idi, akanichemshia mchaichai. Nililala pale mpaka alasiri. Kamba zilikuwa zimelegea, na mgongo wangu uligusa kitu kigumu chini yake. Nikapapasa, nikajua ni gunia. Mpishi hakuona. Alikuwa ananikanda miguu.

Miezi miwili baadaye ofisini kwetu alikuja mgeni kutoka ngazi za juu, mtu mpole mwenye suti ya mikono mifupi. Tulimlisha kwenye kantini yetu. Ugali wa njano, maharage yenye wadudu, chai isiyo na sukari. Mkubwa wangu aliona haya, akatania: "Ndugu mgeni, utuwie radhi. Huyu karani wetu ndiye mtaalamu wa hoteli hapa mjini, mwulize aipe alama chai hii."

Watu wote wakanigeukia. Nilijihisi nimepewa jukwaa.

"Sifuri," nikasema. Wakacheka. Kicheko chao kikanipandisha. "Hii si chai. Chai iko Temeke, nyuma ya soko. Kijiko kinasimama! Na pilau ya Ijumaa, mchele wa kweli, punje hazigusani."

"Mwongo," mwenzangu akasema. "Mchele ataupata wapi?"

"Ataupata wapi? Anaulalia! Yule mzee analala juu ya mchele kama kuku anavyolalia mayai."

Meza nzima ilicheka. Mgeni naye alicheka, akanywa kile kichai chake chote, akaniuliza kwa upole, "Na mtu akitaka kwenda, anapitia wapi?" Nikachukua karatasi nikamchorea ramani. Soko, kisima, duka la mkaa, hoteli. Niliandika kwa herufi nzuri. Nilikuwa na mwandiko mzuri.

Walikwenda Ijumaa, wakati wa pilau, yule mgeni na mgambo wanne. Mimi sikuwepo. Nilisimuliwa kwamba hawakupekua jikoni wala dari. Waliingia moja kwa moja chumbani, wakanyanyua kitanda. Vyungu vilichukuliwa kuwa ushahidi. Mpishi alifungwa pingu akiwa bado na mwiko, na hakusema lolote ila, "Zimeni moto, pilau itaungua."

Alikaa ndani miezi minane. Alipotoka leseni imefutwa, nyumba ina mtu mwingine. Nilimkuta kwenye baraza ya jirani, amekonda, mikono haina cha kufanya. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Naapa nilikuwa nimejiandaa. Lakini akaanza yeye.

"Unajua aliyeniuza, Karani? Mhudumu. Kitanda kile tulikuwa tukikijua wawili. Mie na yeye, basi."

Alikuwa ameisahau homa yangu. Wema wake ulikuwa mwingi kiasi kwamba hakuuwekea kumbukumbu.

Nikafungua kinywa, na yaliyotoka ni haya: "Binadamu, Mpishi. Binadamu hawaaminiki."

Wapo watu wanaoweza kusema walikosa kwa kutojua. Maneno yangu ya kantini labda nitasamehewa, yalikuwa ya kijana mjinga anayetaka kuchekewa. Haya ya barazani niliyasema nikijua, nikimtazama machoni.

Habari zilienea. Hakuna hoteli Temeke wala Ilala iliyompokea Mhudumu. Nani amwajiri mtu wa kupeleka habari, katika siku zile ambapo kila jiko lilikuwa na siri yake? Mtu aliyebeba vikombe vinane mkono mmoja alianza kusukuma mkokoteni wa maji. Siku moja alinisubiri nje ya ofisi.

"Kaka, wewe umesoma, anakusikiliza. Niombee. Nilimwapia kwa Msahafu, akaniambia hata Msahafu unanikana. Mie ningemuuza yule? Mie niliyekuwa naonja chungu chake?"

"Nitamwambia," nikasema.

"Lini?"

"Wiki hii."

Akanishukuru kwa mikono miwili. Sikwenda wiki ile, wala mwezi ule. Akahamia Kipawa. Miaka ikapita, sukari ikarudi madukani, watu wakaanza kuizungumza miaka ya foleni kama hadithi ya kuchekesha. Mhudumu akafa. Mpishi alipelekewa habari ya msiba, akakataa kwenda.

Nilikwenda kwa Mpishi nikiwa nimekwisha kustaafu. Alikuwa Kibamba, kwa bintiye, mbali huko barabara ya Morogoro, siku hizo kukiwa mashamba ya mihogo na nyumba mojamoja. Sikwenda kwa ushujaa. Mke wangu alikuwa amefariki mwaka ule, na nyumba yangu ilikuwa kimya mno kwa mtu mwenye jambo kama langu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani?" Macho yalikuwa yamepungua. Kisha akatabasamu. "Karani! Tangawizi isilale! Mwanangu, mletee mgeni chai."

Nilimwambia kabla chai haijaja, kwa sababu nilijua nikiinywa sitasema. Nilimwambia yote, kantini, mgeni, kicheko, ramani. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kama mtu anayepima kitu.

"Uliyasema vipi? Maneno yenyewe."

Nikayarudia. Kijiko kinasimama. Punje hazigusani. Analala juu ya mchele kama kuku.

"Ulijuaje kitanda?"

"Siku ya homa. Ulinibeba."

Midomo yake ilitembea. "Nilikubeba," alisema hatimaye, kana kwamba anajisimulia. Halafu akaita, "Mwanangu! Kanzu yangu."

Binti akatokea na kikombe mkononi. "Baba, unakwenda wapi? Huwezi safari."

"Kipawa. Kuna mtu nilikataa kumzika."

"Baba, yule miaka tisa sasa!"

"Basi nimechelewa miaka tisa. Usinizidishie."

Binti alitutafutia teksi, akitutazama kwa hofu. Njia nzima Mpishi alinigeuzia kisogo. Ningefurahi kama angenitukana.

Mjane wa Mhudumu alikuwa barazani akichambua mchele kwenye ungo. Alimtambua Mpishi, mikono ikasimama. Hakusema karibu, lakini alisogeza mkeka.

"Sema," Mpishi akaniambia. "Kama ulivyosema kwangu."

Nikasema, mara ya pili siku ile. Ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu yule mama alisikiliza huku akiendelea kutoa mawe kwenye mchele, moja moja, na kuyaweka chini kwa utaratibu. Nilipofika kwenye ahadi niliyompa mumewe nje ya ofisi, aliuweka ungo kando.

"Kila Ijumaa alikuwa akisema, wiki hii Karani atakwenda," alisema. "Nikamwambia, mume wangu, kubali tu kwamba ulikosa, uombe radhi, upate kazi, watoto wale. Alikataa. Akasema hawezi kuomba radhi kwa ambacho hakukifanya. Nikamwambia, basi utakufa na uongo wako."

Akafunika uso kwa upande wa kanga.

"Hata mie sikumsadiki. Mnasikia? Mke wake. Nililala naye kitanda kimoja miaka yote ile, na mie nikamsadiki Mpishi."

Mpishi alinyoosha mkono, hakuweza kuufikisha popote. Aliurudisha magotini.

"Amelala wapi?" aliuliza.

"Makaburi ya huko nyuma ya shule. Kaburi lenyewe silijui. Walizika wanaume, na walikuwa wachache. Sikumwekea hata kibao. Nilikuwa na hasira naye."

Jirani mmoja alipita na ndoo, akatusalimu, hakuna aliyeitikia.

"Mimi nalijua," nikasema.

Mpishi akageuza uso polepole. "Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilishika jeneza toka mlango huu."

"Ukamfukia."

"Nikamfukia, Mzee."

"Na ukarudi nyumbani, ukala?"

Nilikumbuka kwamba nilikula. Nikatikisa kichwa kukubali.

Aliuegemea mkongojo wake akasimama. Niliposogea kumsaidia aliuondoa mkono wangu, bila hasira, kama mtu anavyoondoa kitu kilichowekwa mahali pasipo pake.

"Tangulia, Karani," alisema. "Tuonyeshe."

Nikatangulia. Nyuma yangu nilisikia mkongojo ukigonga ardhi, na tulipofika pembe ya nyumba nikasikia kandambili za Mjane zikifuata.